Namba ya Krenki ni Haki ya Mwenye Gari

Tuchukue gari ambalo gereji zote za Dar es Salaam na Mombasa zinalijua: Corolla ya taksi, injini ya 4A, imeshushwa kwa sababu inakula oili. Mwenye gari amekwisha kulipia ringi, gasketi, beringi za meni na za konrodi, na krenki imetoka kuchongwa. Fundi ameilaza krenki kwenye bloku, ameweka washa mpya za trasti, amekaza kofia za meni kwa toki renchi, kisha amefunga geji ya saa aone krenki inacheza kiasi gani mbele na nyuma. Mshale unasoma 0.34. Kitabu cha Toyota kinataka mchezo huo uwe kati ya 0.02 na 0.22 ya milimita, na kikomo chake ni 0.30. Imezidi kwa sehemu nne za mia za milimita. Simu inalia tena, ni tajiri wa taksi: gari linatoka lini?

Fundi mwizi simsemi hapa, huyo ana wa kumsema. Nasema na fundi mwema, anayeijua kazi, aliyejihangaisha kupima wakati wengi hawapimi kabisa, na ambaye sasa anajuta kwa nini alipima. Angefunga bila kupima angelala usingizi wake. Lakini ameona, na aliyeona hawezi tena kujifanya kipofu. Mkono wake unaisogelea sampu aifunge. Sehemu nne za mia za milimita, nani ataijua?

Ndugu yangu, weka spana chini, pokea simu, mtajie tajiri namba. Usimwambie "iko sawa", wala usimwambie "ina kasoro ndogo tu". Mtajie namba na kikomo chake kama zilivyo, na umwambie njia zilizopo: kutafuta washa nene zaidi za saizi ya juu, kuirudisha krenki kwa aliyeichonga ikaguliwe uso wake wa trasti, au kutafuta krenki nyingine. Kila njia ina bei yake na siku zake. Kisha nyamaza, aamue mwenye mali. Namba ile haikuwa yako hata dakika moja. Injini ni yake, fedha ni zake, na kipimo ulichokichukua ndani ya mali yake ni chake pia. Ukikifungia ndani ya sampu umemdhulumu, hata kama injini itatembea miaka kumi bila kulalamika.

Wasioijua gereji wanifuate kidogo. Krenki huzunguka, lakini pia husogea kwa urefu wake, mbele na nyuma, kidogo mno. Na ni lazima isogee. Chuma kikipata moto hutanuka, na oili huhitaji nafasi ya kupita kati ya uso wa krenki na washa zinazoizuia. Washa hizo ni vipande vyembamba vya nusu duara. Katika Toyota nyingi za silinda nne hukaa kwenye meni ya tatu, ile ya katikati. Beringi za meni huletewa oili na pampu kwa nguvu, krenki ikaelea juu yake. Washa za trasti hazina bahati hiyo. Zinaishi kwa oili inayovuja kutoka beringi iliyo jirani. Ndiyo maana hazivumilii mzigo wa muda mrefu. Mzigo wenyewe hutoka kwenye klachi: kila dereva anapokanyaga pedali, krenki nzima husukumwa kuelekea upande wa puli.

Nafasi ikibana mno, oili haipiti na washa inaungua. Ikizidi mno, krenki inapigapiga, sili ya nyuma inaanza kuvuja, klachi inakuwa na tabia za ajabu, na washa inaliwa hadi inachomoka na kuangukia kwenye sampu. Kuanzia hapo ni chuma kwa chuma, krenki inakula bloku. Bloku ikiliwa mahali hapo, fedha yote ya ovahoo imekwenda na maji. Na haya yote yanatokana na vipimo ambavyo jicho halivioni: karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa karibu 0.1 ya milimita, kwa hiyo kikomo tunachokigombania ni karatasi tatu.

Hapa nina ugomvi na wakubwa wetu wa kazi. Utamwona mzee wa gereji anashika puli, anaivuta na kuisukuma, anatikisa kichwa kuridhika, na kutoa hukumu: "Hii iko poa, funga." Vijana wanafunga. Simdharau mzee huyo. Sikio lake linaitambua tapeti inayogonga kabla sisi wengine hatujazima redio. Lakini hakuna mkono wa binadamu unaotofautisha 0.22 na 0.34, na mzee mwenyewe anajua kuwa hautofautishi. Anachokitoa pale si kipimo, ni cheo chake. Anamwomba mwenye gari aamini miaka yake ya kazi mahali ambapo geji ingesema kweli kwa dakika chache. Heshima ya mzee ingezidi, isingepungua, kama vijana wangemwona anainama na kusoma mshale.

Upimaji nao una adabu zake. Mguu wa sumaku wa geji ukae kwenye bloku penyewe, pasafi, si kwenye bati linalotikisika. Ncha ya geji iiguse krenki ikiwa imelala sambamba nayo; ikikaa kishingo upande, namba yote ni ya uongo. Isukume krenki kwa bisibisi kubwa upande mmoja mpaka ikome, weka mshale kwenye sifuri, kisha isukume upande wa pili. Rudia. Namba iliyotokea mara moja ni tetesi. Ikijirudia ileile, hapo una jambo la kusema. Asiye na geji ya saa anaweza kutumia fila geji kati ya krenki na washa, na vitabu vya watengenezaji vinairuhusu, ila ajue kwamba washa iliyoliwa vibaya inaweza kuidanganya fila: bamba lake hupita juu ya vilima na kuliacha bonde bila kulipima.

Kabla ya kuikaza kofia ya meni yenye washa, igonge krenki taratibu mbele na nyuma ili nusu ya juu na nusu ya chini za trasti zikae usawa mmoja. Fundi mwenye haraka huruka hatua hii, halafu mzigo wote unabebwa na nusu moja. Na mifereji ya oili kwenye washa itazame krenki, isitazame bloku. Ni jambo dogo la kutia aibu kulieleza gazetini, lakini washa iliyogeuzwa imeshaua injini nyingi ambazo wenyewe waliambiwa "spea za siku hizi ni feki".

Kipimo ambacho karibu kila mtu anakiruka ni kile cha kwanza, kabla injini haijafunguliwa. Gari likiletwa, mwenyewe akiwa amesimama pale, pima mchezo wa krenki mbele yake na umwandikie. Kwanza unajua ugonjwa kabla ya kupasua. Pili unajilinda wewe: kama uso wa krenki uliliwa zamani, mwenye gari atakuwa amejionea kwa macho yake, na hataweza kusema ulimharibia. Na kama krenki ilikwenda kuchongwa ikiwa nzuri na imerudi na mchezo mkubwa, utajua kwamba jiwe la mashine liligusa uso wa trasti, na utakuwa na ushahidi wa kumpelekea mchongaji. Bila namba ya kwanza mtabaki kurushiana lawama, na kwa kawaida anayebebeshwa ni yule mdogo kuliko wote.

Kuna injini moja ambayo ningependa kila mwanafunzi wa gereji aifungue walau mara moja, hata kama hataiona tena barabarani: ile ya Volkswagen Beetle inayopozwa kwa hewa. Gari hili lilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1953 ilipoanza, likarudia 1954, 1957 na 1962, kwa hiyo si mgeni kwetu. Katika injini yake mchezo wa krenki haukubaliwi tu kama ulivyokuja na washa, hupangwa na fundi mwenyewe. Nyuma ya flaiwili huwekwa shimu tatu, na unene wa hizo tatu ndio unaoamua. Kipimo kinachotakiwa ni 0.07 hadi 0.13, na kikomo cha uchakavu ni 0.15.

Fundi huweka shimu mbili kwanza, bila sili ya oili, anakaza flaiwili, anapima. Tuseme amepata 0.44. Anatoa 0.10 anayoitaka ibaki, anapata 0.34, na shimu ya 0.34 inauzwa. Anafungua tena, anaweka ya tatu, anaweka sili, anakaza nati ile kubwa kwa futi-pauni 217, anapima upya. Shimu zina unene wake umeandikwa juu, lakini fundi anayejiheshimu huzipima kwa maikromita, maana zilizotumika zimeshaliwa.

Ninaipenda kazi hii kwa sababu inamvua mtu. Hawezi kusema "ilikuja hivyo". Mchezo uliopo ameupanga yeye, kwa hesabu ya kutoa ambayo mtoto wa darasa la tano anaiweza. Basi hapo ndipo utaona tabia za watu. Mmoja atakosa shimu ya 0.34 akaenda kuitafuta mji mzima. Mwingine ataweka mbili nene badala ya tatu, au nne nyembamba. Wa tatu atachukua shimu nene na kuisugua kwa msasa mpaka "ikae", upande mmoja mwembamba, upande mwingine mnene. Nimesikia hata habari za bati la kopo kukatwa mkasi likawekwa nyuma ya washa za trasti, na fundi akasifiwa kwa ubunifu. Ubunifu wa namna hiyo una sharti moja: mwenye gari asijue. Kama unaweza kumwita, ukamwonyesha lile bati, ukamweleza ulichofanya na kwa nini, naye akakubali, basi mmekubaliana watu wazima wawili. Kama unaomba asitokee kabla hujafunika, unajua mwenyewe unafanya nini.

Sasa nigeukie dhambi ya upande wa pili, maana kuna watakaosoma hadi hapa wakafurahi kupita kiasi. Namba inaweza pia kugeuzwa fimbo. Fundi anapima, anapata 0.26, anamwita mama mwenye gari, anamwonyesha geji inavyoruka, anavuta uso: "Mama, krenki imekufa." Mama haijui krenki, anamwona mtu mwenye chombo cha kisasa na sura ya msiba, anatoa fedha. Kumbe 0.26 imepita kipimo cha injini mpya, kweli, lakini haijafika kikomo cha 0.30. Kuna namba mbili kitabuni kwa sababu maalumu: moja inasema jinsi injini ilivyozaliwa, nyingine inasema itolewe lini. Kumtajia mteja ya kwanza ukamficha ya pili ni uongo uliovaa suti. Mwambie zote mbili. Mwambie kwamba kwa kuwa injini imeshafunguliwa, kuweka washa mpya sasa ni gharama ndogo kuliko kuishusha tena baadaye. Hiyo ni nasaha ya kweli. Lakini akichagua kuziacha, asitoke gerejini akidhani amebeba maiti.

Waislamu wanajua kwamba sura ya 83 ya Qurani imeitwa kwa jina la wapunjao vipimo, na Wakristo wanajua kwamba kitabu cha Mithali kinaikemea mizani ya hila. Tumezoea kuyasikia hayo tukamfikiria muuza mchele na kibaba chake. Fundi anayesema 0.28 alipoona 0.34, na yule anayemtisha mtu kwa 0.26, wamo humohumo. Tofauti ni kwamba mchele mteja anaweza kwenda kuupima nyumbani. Krenki hawezi.

Nina neno pia kuhusu kutafuta aliyeua. Ukikuta washa za trasti zimeliwa upande mmoja tu, ule unaobeba msukumo wa klachi, usiweke mpya ukanyamaza. Kitu fulani kilikuwa kinaisukuma krenki. Huenda klachi haina nafasi ya kupumua kwenye pedali, beringi yake inaibana muda wote. Huenda ni dereva anayepumzisha mguu juu ya pedali kutoka Kimara mpaka Magomeni kwenye foleni. Katika gari la otomatiki huenda konveta haikuingia mpaka mwisho wakati wa kufunga giaboksi, ikawa inaisukuma krenki tangu siku ile. Na hapo aliyefunga anaweza kuwa jirani yako wa gereji, au wewe mwenyewe. Sema tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na washa mpya zitaliwa kwa njia ileile.

Wakuu wa gereji, na nyinyi wenye kulea vijana waliotoka VETA au waliookotwa tu mtaani wakapewa ovaroli: mpeni kijana geji. Asome yeye, aandike yeye, kwa kalamu, kabla hamjamwambia mnatarajia ngapi. Kijana akiambiwa mapema kwamba "inatakiwa iwe sifuri nukta mbili", ataiona sifuri nukta mbili hata kama mshale uko kwingine, kwa sababu anataka kumpendeza mkubwa. Na akisema namba mbaya, tazama sana uso wako wakati huo. Ukimkemea mara moja tu kwa kuleta habari mbaya, umemfundisha kwa maisha yake yote kuleta habari njema za uongo. Kuna gereji ambazo hazijawahi kupata kipimo kibaya hata siku moja, na sababu si kwamba injini zao zote ni nzima.

Wenye magari nao msijifiche nyuma ya ujinga wenu. Nyinyi ndio mnaopiga simu kila baada ya saa moja. Nyinyi ndio mnaosema "fundi, funga tu, nitaleta tena", na injini ikifa mnasema fundi alikuwa bure. Mnalipia spea bila kinyongo kwa sababu mnaishika mkononi, lakini nusu siku ya kupima mnaiona wizi. Mlipeni fundi muda wa kupima, uandikwe peke yake kwenye hesabu, kwa jina lake. Mtu anayepima bure atapima haraka. Na ukitajiwa namba iliyozidi ukaamua gari lifungwe hivyohivyo kwa sababu huna fedha, ni haki yako, maana dhiki inajulikana. Ila weka saini chini ya namba hiyo, na siku ukiliuza gari mwambie mnunuzi. Uliudai ukweli wake ulipokuwa wewe mwenye gari; kesho mwenye gari ni yeye.

Kama unanunua gari la gia za mkono na unataka kujua kidogo kabla ya kuita fundi, kuna jaribio lisilo na gharama. Injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja akae ndani akanyage klachi na kuiachia, wewe tazama puli ya krenki. Ikiwa unaiona kwa macho inaruka nje na kurudi ndani, usijibishane na muuzaji kuhusu rangi wala redio. Mwambie mpeleke gari likapimwe kwa geji, na aandike kinachosomeka.

Nawaomba basi jambo moja, nalo halihitaji mtaji. Fundi, kwenye risiti ya kila ovahoo utakayoifunga, ongeza mstari wa mchezo wa krenki: uliokuta, ulioacha, na kikomo cha kitabu kwa injini hiyo, pamoja na kilomita za gari siku hiyo. Mwenye gari, usilipe salio kabla mstari huo haujajazwa.